Pumzika, Mzee



Jioni ya leo nina ugomvi na neno moja. Si tusi, wala si neno la mtaani. Ni neno la adabu kabisa, linatamkwa kwa upole na mara nyingi na mtu anayekupenda. Neno lenyewe ni "pumzika". Pumzika, baba. Pumzika, bibi, acha nibebe mimi. Wewe mzee umeshafanya kazi ya kutosha, sasa kaa upumzike.

Nilistaafu siku nilipotimiza miaka 60, kama utumishi wa umma unavyotaka, baada ya kufundisha hesabu miaka thelathini na minne. Walimu wenzangu walichanga wakaninunulia kiti cha uvivu, kile cha turubai ambacho ukishakikalia kuinuka ni kazi. Wanangu nao, kila mmoja kwa mapenzi yake, wakagawana shughuli zangu kama watu wanaogawana mirathi mwenyewe angali hai. Mkubwa akachukua mambo ya kununua umeme na kulipa maji. Wa pili akasema baba asiende sokoni, kuna jua na bodaboda hazina macho. Mkwe wangu akakabidhi jembe kwa kijana wa kibarua. Mjukuu akawa ndiye mshika simu: pesa zikija anazipokea yeye, zikitoka anazitoa yeye, na namba ya siri anaijua yeye. Mimi niliisahau ndani ya miezi miwili.

Mwezi wa nne nikaoga, nikavaa kanzu iliyopigwa pasi, nikajitia udi, nikaenda msikitini kuwahi swala ya Ijumaa. Nikakuta msikiti mtupu, muadhini peke yake anafagia ukumbi. Akanitazama, akaegemeza ufagio ukutani, akasema kwa adabu: "Mwalimu, leo umewahi sana." Ilikuwa Alhamisi.

Nilirudi nyumbani nikikanyaga taratibu. Mtu aliyefundisha hesabu miaka thelathini na minne amepotelewa na siku katika juma lenye siku saba tu. Nikasema basi, ndio uzee umeingia. Kwetu ndivyo tunavyosema, na tukishasema hivyo tunafunga mjadala.

Ila sikuwa na uzee wowote uliozidi ule wa mwaka uliotangulia. Nilichokosa ni sababu ya kujua siku. Nilipokuwa kazini Jumatatu ilikuwa na vipindi vyake, Jumatano ilikuwa na madaftari ya kusahihisha, Ijumaa ilikuwa na kikao na maneno ya kikao. Kwenye kiti cha uvivu siku zote zina ladha moja, kama wali usiotiwa chumvi.

Nilichoponea ni bao.

Kwetu Tanga, pale Ngamiani, kuna baraza chini ya mwembe ambapo wanaume huketi kuanzia alasiri. Sikuwa nimecheza tangu ujana. Siku moja nikapita, nikaitwa, nikakaa. Aliyekuwa upande wa pili ni kijana fundi baiskeli, umri wa mwanangu wa mwisho. Akaniamkia kwa heshima zote, "Shikamoo, mwalimu," kisha akala nyumba yangu, lile shimo kuu la bao.

Kwa msikilizaji asiyelijua, bao la Kiswahili lina mashimo 32, safu nne za mashimo manane manane, na kete 64, ambazo kwa desturi ni komwe. Kila mchezaji anaanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi. Hizo za mkononi unazinamua mojamoja. Zikiisha ndipo mnaingia mtaji, na huko ndiko wanaume wanakoanza kukohoa bila mafua. Ukila kete za mwenzako huzitii mfukoni, unazipanda upya kwenye mashimo yako, na mara nyingi ni juu yako kuamua uanzie kichwa cha kulia au cha kushoto. Kete moja ikiangukia penye wenzake inaweza kukupa kula tena, na tena, mpaka ubao mzima umebadilika sura kwa mkono mmoja. Basi mchezaji hodari hahesabu kete zilipo. Anahesabu zitakapokuwa baada ya mizunguko yote hiyo, kabla hajagusa hata moja.

Mholanzi mmoja, Alexander de Voogt, alikuja mpaka Zanzibar kukaa na mafundi wa bao, akatoa utafiti wake mwaka 1995, na akaupa jina linalozungumzia mipaka ya akili. Nilipoambiwa habari hiyo sikushangaa kwamba mtu amesafiri kutoka Uholanzi kwa ajili ya bao. Nilishangaa kwamba sisi tulioketi kando yake tunaliita mchezo wa wasio na kazi.

Siku ile nilifungwa mara saba mfululizo. Yule bwana mdogo hakunionea huruma hata kidogo, na nataka aelewe kwamba namshukuru kwa hilo. Usiku nilikosa usingizi. Nililala chali nikilirudia bao la mwisho, pale niliponamua kulia badala ya kushoto. Mama watoto akaniuliza nasoma dua gani. Ilikuwa mara ya kwanza tangu nistaafu kichwa changu kipewe kazi ya kwenda nayo nyumbani.

Lakini nisije nikakuuzia dawa nisiyoijua, msikilizaji. Nina shangazi yangu Pangani. Kwa miaka mingi alikuwa kijumbe wa mchezo wa upatu wa wanawake ishirini. Hajui kusoma wala kuandika, lakini aliyajua yote kichwani: nani ametoa, nani bado, nani kapokea mwezi wa mfungo, nani alikopa nauli ya mgonjwa akaahidi kurudisha msimu wa karafuu ukifika kwa nduguye Pemba. Kisha wanawake wa rika la chini wakasema bibi sasa apumzike, wakaanzisha daftari na kundi la simu. Haukupita mwaka, shangazi akaanza kunisimulia jambo moja mara tatu kwa kikao kimoja.

Unaona ninakotaka kukupeleka? Ni rahisi niseme daftari ndilo lililomharibu. Inawezekana pia kwamba kumbukumbu zake zilikwishaanza kuvuja, wale wanawake wakaliona hilo kabla yangu mimi ninayekwenda Pangani mara mbili kwa mwaka, na kumpumzisha kwao kulikuwa njia ya kumsitiri. Kipi kilitangulia? Mimi sijui, na wataalamu nao swali hilo linawatoa jasho. Mtu akiacha kucheza, kusoma na kutembelea watu, huenda ameacha kwa sababu akili imeanza kuchoka.

Kuna utafiti mashuhuri wa Bronx, kule New York, uliochapishwa mwaka 2003. Waliwafuatilia wazee 469 waliopita miaka 75, wote wakiwa wazima wa akili mwanzoni, kwa muda wa kati wa miaka mitano na ushei. Waliokuwa wakisoma, wakicheza michezo ya ubao, wakipiga ala za muziki au kucheza dansi walipatwa na demensia kwa kiasi kidogo kuliko wenzao. Demensia ndilo jina la maradhi ya kupotewa na kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, yenye aina nyingi, Alzheimer ikiwa mojawapo. Watafiti wale walijitahidi kuwatenga waliokuwa na dalili za mwanzo, na tofauti ikabaki. Huo bado si ushahidi wa mwisho. Lakini mimi nimekwenda barazani kwa ushahidi mdogo kuliko huo.

Na umesikia hapo, dansi imo. Katika mazoezi yote ya mwili waliyoyapima, ni dansi peke yake iliyoonyesha nafuu hiyo. Nadhani sababu iko wazi kwa yeyote aliyewahi kuingia ngomani: unasikiliza mpigo, unakumbuka hatua, unamtazama mwenzako, na kuna watu wanakutazama, kwa hiyo kukosea kuna aibu yake. Bi Kidude wa Zanzibar, aliyefariki Aprili 2013, hakuna aliyekuwa na hakika ya miaka yake, lakini alipanda jukwaani akiwa ajuza na aliendelea kuwafunda wari katika unyago. Hakuna aliyethubutu kumwambia apumzike. Nadhani angemjibu.

Jambo lililonigusa kuliko yote ni habari ya masista. Mwaka 1986, Marekani, mtaalamu anayeitwa David Snowdon alianza kuwafuatilia masista wa Kikatoliki, jumla wakawa 678, wote wana miaka 75 na kuendelea. Kila mwaka walipimwa akili, na walikubali kwamba wakifa ubongo wao uchunguzwe. Mmoja wao, Sista Mary, alifundisha darasani mpaka akiwa na miaka 84, na katika vipimo vya uzeeni alikuwa mwepesi kama wembe. Akafa akiwa na miaka 101. Walipoufungua ubongo wake wakaukuta umejaa zile alama za maradhi ya Alzheimer. Ugonjwa ulikuwemo ndani na mwenyewe hakuuonyesha.

Wataalamu wanaeleza kwamba mtu aliyejifunza na kuitumikisha akili yake maisha yote huwa na akiba. Maradhi yanachota, yanachota, na bado kwenye mtungi kuna maji ya kutumia. Sisi tulishasema zamani kwamba akiba haiozi, tulidhani tunazungumzia nafaka na fedha.

Na katika akiba hiyo watu wa kwetu tuna fungu ambalo hatulihesabu, nalo ni lugha. Mwaka 2013 madaktari wa Hyderabad, India, walitoa habari za wagonjwa 648 wa demensia. Waliokuwa wakisema lugha zaidi ya moja walianza kuugua wakiwa wamewapita wenzao wa lugha moja kwa miaka 4 na nusu, na hata wale ambao hawakuingia darasani kamwe walipata nafuu hiyo. Wapo watafiti wengine waliobishia jambo hili, na ubishi haujaisha. Lakini fikiria bibi wa Lushoto anayegombana na wajukuu kwa Kisambaa, anauza viazi kwa Kiswahili, na anaswali kwa Kiarabu alichokihifadhi akiwa mtoto. Halafu mwanawe anamhamishia Dar es Salaam, ndani ya geti, ambako hakuna wa kusema naye Kisambaa, na wajukuu wanamjibu kwa Kiingereza cha shule. Tunasema tumemleta mjini astarehe.

Usinielewe vibaya, sisemi kila anayesahau ametelekezwa. Huko wilayani Hai, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, madaktari wa Kitanzania na wenzao wa Newcastle, Uingereza, walipita vijijini kuwapima wazee, matokeo yakachapishwa mwaka 2013. Kwa waliotimiza miaka 70 na zaidi, kiwango cha demensia kilikuwa kama 6 katika kila 100. Ni maradhi, kama kisukari kilivyo maradhi, na huwapata pia watu waliosoma wakacheza bao wakasafiri dunia.

Tatizo la kwanza la madaktari wale pale Hai lilikuwa kipimo. Vipimo vya Ulaya humtaka mgonjwa aandike sentensi, achore saa, anakili michoro kwa kalamu. Mpe bibi ambaye hajawahi kushika kalamu, atashindwa, nawe utaandika kwamba akili zimemwishia, kumbe anajua siku ya mnada, bei ya kila ndizi na nasaba ya kijiji kizima. Basi wakatengeneza kipimo chao. Mzee anaulizwa daraja ni nini. Anatajiwa maneno ayakumbuke baadaye. Anaambiwa ataje wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja. Na badala ya kalamu anapewa vijiti vya kiberiti, apange umbo aliloonyeshwa. Mimi kama mwalimu niliinamisha kichwa niliposikia hilo la vijiti. Nimewapima watoto miaka mingapi kwa kalamu tu?

Watu hao hao wakaanzisha na vikundi. Tiba yenyewe haina kidonge: wagonjwa wachache wanakutana mara mbili kwa juma, kwa majuma saba, wanazungumza, wanacheza, wanabishana juu ya vyakula vya zamani na mambo ya leo. Ilianzia Uingereza, wakaibadilisha iwafae watu wa huku. Nami nauliza tu, hilo si baraza? Tulikuwa nalo mlangoni, tukalibomoa tukajenga fremu za duka.

Na si barazani tu mzee anapoipa akili yake kazi. Namkumbuka Mzee Kimani Maruge wa Kenya. Januari 2004 alijitokeza katika shule ya msingi Kapkenduiywo, Eldoret, akitaka kuingia darasa la kwanza. Alijihesabia miaka 84. Serikali ya Rais Kibaki ilikuwa imefuta karo mwaka mmoja kabla, na tangazo halikuweka kikomo cha umri, basi naye akalichukua lilivyo. Akashona sare, kaptula na soksi ndefu, akakaa dawati la mbele kwa sababu ya masikio yake. Alitaka kuisoma Biblia mwenyewe, maana alimshuku mhubiri, na alitaka kujua kuhesabu fedha, maana alikuwa mpiganaji wa zamani wa Mau Mau na alitarajia fidia ambayo hakutaka kupunjwa. Sababu mbili safi kabisa. Ni za mtu anayetaka kulinda chake, hakuna hata moja ya kupoteza muda.

Akawa kiranja mkuu. Septemba 2005 akapelekwa New York, Umoja wa Mataifa, akasema juu ya elimu ya bure. Ghasia za baada ya uchaguzi zilipomkuta, mapema 2008, alihamia kambi ya wakimbizi wa ndani, na bado alitoka kambini kwenda shule. Baadaye akahamia Nairobi kwenye nyumba ya kulelea wazee, akaandikishwa shule nyingine huko. Alifariki Agosti 2009.

Na baada yake akaja Priscilla Sitienei wa Ndalat, Nandi, mkunga aliyeingia darasani akiwa na miaka kama tisini, akakaa na watoto ambao baadhi yao aliwapokea yeye mwenyewe kwa mikono yake walipozaliwa. Alitaka kuandika dawa zake za mitishamba zisije zikafa naye. Alifariki Novemba 2022, akiwa na miaka 99.

Huwa nasikia watu wakizisimulia habari hizi kwa kicheko, kama kichekesho cha babu aliyevaa kaptula. Mimi najiuliza wangapi walimwambia Maruge apumzike kabla hajafika kwenye geti lile.

Sasa nipite haraka kwenye mambo ya daktari, maana nikiyaacha nitakuwa nimewadanganya. Jopo la wataalamu wa jarida la Lancet lilisema mwaka 2024 kwamba karibu asilimia 45 ya demensia duniani inahusishwa na mambo 14 yanayoweza kupunguzwa. Shinikizo la damu limo, kisukari, sigara, pombe iliyozidi, kuumia kichwa, upweke. Sitayataja yote. Nataka mawili tu, sikio na jicho. Mzee asiyesikia vizuri huanza kwa kutabasamu ovyo. Anaitikia "ndiyo, ndiyo" penye swali la wapi. Mwisho watu wanachoka kupaza sauti, wanaacha kumsemesha, naye anaacha kutoka nje. Mara nyingine kilichoziba ni nta tu. Na mtoto wa jicho hutolewa kwa upasuaji mfupi. Kabla hujasema mama amekuwa kama mtoto, mpeleke wakamtazame masikio na macho.

Na lingine nalisema kwa sauti ya chini. Bibi anayetoka usiku akazungukazunguka uwanjani, haijui nyumba yake, anamwita mumewe aliyekufa zamani, kuna sehemu za nchi hii anaitwa mchawi, na tunajua yanayomfuata. Yule ni mgonjwa. Ukimwona, mshike mkono umrudishe ndani.

Wanangu, mnaosikiliza huko Dar, nimerudishiwa simu yangu. Nilimwita mjukuu, nikamwambia anifundishe kila kitu upya bila kunishikia. Namba ya siri mpya sikuiandika popote. Sokoni nakwenda mwenyewe Jumanne na Ijumaa, na Ijumaa siku hizi haichanganyiki na Alhamisi. Nimepunjwa na muuza samaki mara moja, nikarudi nikabishana naye, tukaelewana. Kile kiti cha uvivu nimempa paka.

Shangazi wa Pangani nilimtembelea mwezi uliopita. Alinihadithia habari ya mashua ya marehemu baba yake, mara tatu. Mara ya tatu nikambishia, nikasema mashua ilikuwa na tanga jipya. Akakaa wima. Akasema: "Nani kakwambia? Lilikuwa na kiraka, na nilikishona mimi." Tukagombana mpaka magharibi, akanitajia jina la kila baharia.

Nakuaga, msikilizaji, saa kumi na nusu hii. Yule fundi baiskeli amefunga karakana na ubao umeshatandazwa. Tangu tuanze kuandika amenifunga mara mia na tisa. Mimi nimemfunga mara kumi na nne, na ya kumi na nne aliinuka akaenda kunywa maji bila kuniaga.